Cold Eyes au Ashfall: mpigapicha anayetaka kuongoza aanze na ipi?

Kwa Kikorea mwongozaji wa filamu huitwa gamdok. Mpigapicha mkuu huitwa chwaryeong gamdok, yaani gamdok wa upigaji picha. Neno ni moja, na kwa anayetazama kwa mbali, kutoka kazi hii kwenda ile kunaonekana rahisi kama kuhama kiti. Kim Byung-seo, mpigapicha mkuu wa Korea Kusini, amehama hivyo mara mbili, mwaka 2013 na mwaka 2019, na mara zote aliongoza pamoja na mtu mwingine. Katika filamu ya kwanza, Cold Eyes, aliongoza huku bado akihesabiwa mpigapicha. Katika ya pili, Ashfall, kamera alimwachia mpigapicha mwingine.

Kwa sababu ya tofauti hiyo moja, filamu hizi mbili zinamfaa sana mtu anayepiga picha za tamthilia, matangazo au harusi na ambaye sasa anataka kuongoza. Ukizitazama zote mbili utatumia saa nne na dakika chache. Ukiwa na nafasi ya moja tu wiki hii, kwa wengi tunashauri Cold Eyes. Wapo ambao Ashfall itawafaa zaidi, nao tutawataja.

| | Cold Eyes | Ashfall |
|---|---|---|
| Jina la Kikorea | Gamsijadeul | Baekdusan |
| Mwaka | 2013 | 2019 |
| Mwongozaji mwenza | Jo Ui-seok | Lee Hae-jun |
| Kamera | Kim mwenyewe na Yeo Kyung-bo | Kim Ji-yong |
| Urefu | dakika 119 | dakika 128 |
| Watazamaji kumbini, Korea | zaidi ya milioni 5.5 | zaidi ya milioni 8.2 |

Usichague kwa kuangalia mstari wa mwisho. Ashfall ilitoka wiki moja kabla ya Krismasi ikiwa na Lee Byung-hun, Ha Jung-woo na Ma Dong-seok, na bajeti yake ilikuwa takriban won bilioni 26. Filamu ya namna hiyo huuza tiketi hata kwa mtu asiyejua mwongozaji ni nani.

Alikotokea

Mwaka 2009 Kim alikuwa mpigapicha mkuu wa Castaway on the Moon, iliyoongozwa na Lee Hae-jun. Inahusu mwanamume aliyejitupa mto Han akatupwa na maji kwenye kisiwa cha Bamseom, katikati kabisa ya Seoul, na mwanamke asiyetoka chumbani mwake ambaye siku moja anamwona mtu huyo kupitia lenzi ndefu ya kamera yake. Mwaka 2012 alipiga picha Dangerous Liaisons ya Hur Jin-ho, iliyotengenezwa China kwa hadithi ya Shanghai ya miaka ya 1930. Baada ya Cold Eyes hakung'ang'ania cheo cha mwongozaji. Alirudi kwenye kamera na kupiga Along with the Gods ya Kim Yong-hwa, sehemu mbili zilizopigwa kwa mkupuo mmoja na kutolewa 2017 na 2018, kila moja ikivuka watazamaji milioni 12.

Sasa tazama nani alikuwa naye kwenye Ashfall. Mwongozaji mwenza ni yuleyule Lee Hae-jun aliyempigia picha miaka kumi nyuma. Kampuni iliyoitengeneza ni Dexter, ya Kim Yong-hwa, iliyojijengea jina kwa picha za kompyuta. Watu wote wawili walishamwona akifanya kazi, wakajua anavyokasirika, anavyopanga ratiba, anavyoamua mvua ikinyesha. Kwa mpigapicha anayetafuta filamu yake ya kwanza ya kuongoza, hapo pana funzo kubwa kuliko lenzi yoyote: orodha ya waongozaji uliowahi kuwafanyia kazi vizuri ndiyo mtaji wako. Anza nayo kabla hujaanza kupeleka skripti kwa watu usiowajua.

Cold Eyes: kuongoza na kamera ikiwa mkononi

Hadithi ilitoka Hong Kong, kwenye Eye in the Sky ya 2007, filamu ya Yau Nai-hoi yenye dakika 90 hivi. Simon Yam, aliyeigiza ile ya kwanza, anaonekana kidogo mwishoni mwa hii ya Korea. Jo Ui-seok ndiye aliyeandika skripti mpya na kuhamishia kila kitu Seoul. Kikosi maalumu cha polisi kina kazi moja, kutazama. Hakikamati watu, kinafuata, kinakumbuka, kinatoa taarifa. Kila askari ana jina la mnyama. Mgeni wa kikosi, Ha Yoon-ju, anaigizwa na Han Hyo-joo, ambaye kwa nafasi hii alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Blue Dragon, tuzo za filamu za Korea, mwaka huohuo. Mkuu wake ni Sol Kyung-gu. Anayewindwa ni James, yaani Jung Woo-sung, kiongozi wa majambazi wa benki.

Filamu inaanzia ndani ya treni ya chini ya ardhi. Yoon-ju anamfuata mtu, na mtu huyo ndiye mkuu anayempima. Abiria ni wengi, kila uso unapita haraka, na James naye yumo humo. Muda si mrefu wanakaa mezani na mkuu anaanza kumhoji: uliona nini, nani alikuwa wapi, alibeba nini. Hapa mpigapicha asimamishe filamu arudi nyuma. Kila kitu anachokitaja Yoon-ju kilipaswa kuwa kimeshapita mbele ya mtazamaji, kwa muda wa kutosha kuonekana na usiotosha kutiliwa maanani. Kikionekana kidogo mno, mtazamaji atahisi amedanganywa. Kikikaa sana, atakishika kabla ya msichana na jaribio halitakuwa na maana. Mpigapicha huuliza kama fremu ni nzuri. Swali la mwongozaji hapa ni mtazamaji anajua nini katika sekunde hii na mhusika anajua nini, na ndilo analopaswa kujifunza yeyote anayetoka nyuma ya kamera.

Kitu cha pili cha kutazama ni urefu anaosimama kila mtu. James yuko juu ya paa, saa ya kuhesabia sekunde mkononi, anaendesha uporaji kwa kutazama mji kutoka juu. Askari wako chini, usawa wa macho ya wapita njia, na mara nyingi kati yao na wanayemfuata pana mwavuli, basi au kundi la watu. Wengine wako garini au ofisini wanatazama skrini za kamera za usalama. Paa, barabara, skrini. Ukizima sauti dakika 20 bado utajua nani ana nguvu kwa kuangalia tu kamera imewekwa urefu gani. Huu ni uongozaji unaofanywa kwa vifaa ambavyo mpigapicha anavyo tayari, na ndiyo sababu tunaiweka filamu hii mbele.

Ukitaka kuiga mtindo wake, jua yatakayokupata. Kufuatilia watu mtaani kunavutia lenzi ndefu, na lenzi ndefu haisamehi. Kwenye kamera ya Super 35 (ukubwa wa kawaida wa fremu ya sinema), lenzi ya milimita 135 tundu lake la mwanga likiwa f/2.8 na mwigizaji akiwa mita 10, eneo lote lililo ndani ya fokasi ni kama sentimita 75. Hatua moja ya mtu mzima ni karibu urefu huohuo. Akija kuelekea kwako kwa mwendo wa kawaida anatoka nje ya fokasi ndani ya nusu sekunde. Hakuna jicho la mwongozaji linaloweza kuvuta fokasi hiyo na kutazama uigizaji kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtu wa fokasi ni lazima awepo, na lazima apewe mazoezi mawili ya mwendo kabla ya teki ya kwanza. Ukifunga tundu hadi f/5.6 unapata kama mita moja na nusu, lakini unahitaji mwanga mara nne. Mchana wa jua hilo halina shida, ndani ya kituo cha treni ni shida kubwa.

Faida ya lenzi hiyo ni kwamba fremu yake kwa mita 10 ina upana wa mita 1.8 tu. Watu wachache wakipita na kurudi wanaonekana kama umati. Ukibadilisha ukaweka milimita 32 mahali palepale, fremu inakuwa karibu mita 8, fokasi inaanzia mita 6 hivi na kufika mita 30, na sasa kila duka, kila bodaboda na kila mtu anayeikodolea macho kamera yumo ndani. Wengi huanza siku kwa lenzi pana, wanashindwa kudhibiti mtaa, wanakimbilia lenzi ndefu alasiri, kisha kwenye uhariri sini moja inaonekana kama imetoka filamu mbili. Amua mapema ni nani anayetazamwa kwa lenzi ndefu na nani kwa pana, uandike, ushikilie hapo.

Skrini nazo zina lao. Ukipiga picha ya monita au taa za ofisini, kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) isipokubaliana na umeme utaona mistari inatembea au mwanga unapepesa. Umeme wa Korea ni hezi 60, hivyo kwa fremu 24 kwa sekunde shata salama ni 1/60 ya sekunde, yaani nyuzi 144 kwa kamera inayopima shata kwa pembe. Tanzania, Kenya na Uganda umeme ni hezi 50: tumia fremu 25 na shata 1/50, au ukibaki na fremu 24 weka nyuzi 172.8. Monita za kompyuta nyingi hujiendesha kwa hezi 60 popote zilipo, hivyo jaribu kila skrini peke yake kwa dakika mbili kabla waigizaji hawajafika.

Sini za watu watatu wanaofuatana zina mtego mwingine. Kanuni ya mstari wa nyuzi 180, yaani mstari wa kufikirika kati ya wahusika ambao kamera haipaswi kuuvuka, inafundishwa kwa watu wawili. A akifuatwa na B, na B akifuatwa na C, mistari inakuwa miwili, na ukivuka mmoja bila kujua, mtazamaji ataona C anamkimbia B badala ya kumfuata. Dawa ni ya kizamani: chora mtaa kwenye karatasi, weka mishale mitatu, na hakikisha kila mtu anaingia fremu kwa upande uleule na kutokea upande wa pili katika sini nzima. Ukitaka kugeuza mwelekeo, mwonyeshe mtu akikata kona ndani ya shoti moja isiyokatwa.

Ashfall: kamera kwa mwenzio

Mlima Paektu, wenye urefu wa mita 2,744 na uliopo mpakani mwa Korea Kaskazini na China, unalipuka. Mtaalamu wa miamba, Ma Dong-seok, anaonya kwamba milipuko mingine inakuja na wa mwisho utaiangamiza rasi nzima. Mpango ni kuchukua silaha za nyuklia za Kaskazini na kuzilipua ndani ya mgodi karibu na mlima ili kupunguza msukumo wa chini. Ha Jung-woo ni kapteni wa kutegua mabomu aliyekuwa anakaribia kuachana na jeshi, Lee Byung-hun ni jasusi wa Kaskazini ambaye haijulikani yuko upande gani.

Mwanzoni tetemeko linaipiga Gangnam wakati kapteni yuko garini, majengo yanaporomoka na barabara inapasuka. Ni sini iliyopangwa kwa ustadi mkubwa, na sehemu kubwa ya kinachoonekana hakikuwepo siku ya kupiga picha. Ukitoka kwenye kamera, hiki ndicho kitu kigeni zaidi kwako. Mpigapicha amezoea kuamini kilichomo kwenye kioo. Hapa kioo kina gari, mwigizaji na kitambaa cha kijani ambacho baadaye kompyuta itakibadilisha kuwa mji unaoanguka.

Ndiyo maana tunaona uamuzi wa kumwachia Kim Ji-yong kamera ulikuwa wa busara. Filamu yenye picha nyingi za kompyuta hudai majibu kutoka kwa mwongozaji tangu asubuhi mpaka usiku: vumbi linatoka upande gani, jengo linaanguka sekunde ya ngapi, mwigizaji aogope nini. Anayejibu maswali hayo huku akipanga taa atajibu vibaya pande zote mbili.

Kwa anayetaka kujaribu kazi ya aina hii hata kwa kiwango kidogo, haya ndiyo ya kuandika kwa kila shoti bila kuruka: urefu wa lenzi, umbali wa fokasi, urefu wa lenzi kutoka ardhini, mwinamo wa kamera, shata, na joto la rangi. Baada ya teki nzuri, piga sekunde 10 za fremu ileile bila mtu yeyote, kisha mpira wa kijivu na mpira wa kung'aa vikiwa mahali alipokuwa mwigizaji, ili watu wa kompyuta waone mwanga ulitoka wapi. Kitambaa kiwe mita 2 hadi 3 nyuma ya mwigizaji. Kikiwa karibu zaidi, rangi ya kijani inarudi mabegani na kwenye nywele, na kuiondoa kutagharimu siku za kazi. Na tafadhali usimwage moshi wala majivu mbele ya kitambaa. Kwenye monita vitaonekana vizuri, kisha mtu wa kompyuta hataweza kutenganisha moshi na kijani. Majivu ya mbele huongezwa baadaye, au hupigwa peke yake mbele ya kitambaa cheusi.

Macho ya waigizaji ndiyo yanayoharibu sini nyingi za majanga. Mtu aliye usawa wa bahari akitazama kilele cha mita 2,744 kutoka kilomita 10 anainua macho nyuzi 15 tu, na ardhi ya kule Paektu yenyewe imeinuka, hivyo ni pungufu ya hapo. Bila alama, mmoja atatazama mawingu, mwingine atatazama paa la studio. Simamisha mlingoti mita 5 mbele yao na ufunge utepe usawa wa mita 2.9 kutoka ardhini. Wote watazame utepe. Kazi ni ya dakika tatu, nayo inaokoa sini.

Upande wa hadithi, Ashfall imetawanyika. Kuna kikosi kule Kaskazini, kuna mtaalamu ofisini, kuna mke mjamzito Seoul, na nyuzi hizi tatu hazikutani mara nyingi vya kutosha. Picha nzuri haiwezi kuziba pengo hilo, na hili ni funzo zito kwa mpigapicha kwa sababu silika yake ni kujaribu kuliziba kwa picha. Pale inapopumua ni pale Lee Byung-hun na Ha Jung-woo wanapokaa wawili wakibishana. Mmoja anaongea lahaja ya Kaskazini, mwingine ya Seoul, na nusu ya utani umo kwenye lafudhi. Manukuu hayabebi hilo, hivyo sikiliza sauti hata kama huelewi maneno: utasikia mmoja akivuta na mwingine akikatiza. Sini hizo zingeweza kupigwa kwa kamera moja na taa mbili.

Waongozaji wawili, neno moja

Filamu zote mbili zina waongozaji wawili, na hili ndilo jambo ambalo wapigapicha wengi hawalifikirii. Kuongoza wawili kunamfaa anayejua picha na asiyejua sana waigizaji, mradi mwenzake awe kinyume chake. Jo alikuwa mwandishi. Lee Hae-jun, ukitazama ile filamu ya kisiwa cha Bamseom, ni mtu wa wahusika na vichekesho vyenye huzuni ndani. Hakuna hata mara moja Kim alipoongoza na mpigapicha mwingine.

Mkiamua kufanya hivyo, kubalianeni kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza: nani anazungumza na waigizaji, nani anasema kata, nani ana neno la mwisho kwenye uhariri. Kosa linaloua seti ni mwigizaji kupewa maelekezo mawili. Wa kwanza anamwambia apunguze, wa pili anamwambia aongeze, na kuanzia hapo mwigizaji anaacha kumwamini yeyote. Mkitofautiana, tokeni nje dakika mbili, rudini na jibu moja, alitoe yuleyule anayezungumza na waigizaji siku zote.

Korea wana desturi inayomsaidia sana mwongozaji aliyetoka kwenye kamera: mhariri wa kwenye seti. Anakaa karibu na monita, anaunganisha shoti zikiwa bado za moto, na baada ya dakika chache unaiona sini ikiwa imeshikana. Mpigapicha huona shoti moja moja na kuzipenda moja moja. Akiziona zimeunganishwa, anagundua ile aliyoipigania saa nzima haihitajiki. Kompyuta moja ya mkononi na kijana anayejua kuhariri vinatosha kuanza.

Halafu kuna saa. Siku ya saa 12, toa moja ya kula, zinabaki dakika 660. Shoti 22 zinapata dakika 30 kila moja. Mwongozaji ambaye bado ana moyo wa mpigapicha huongeza dakika 10 za kurekebisha taa kwenye kila shoti bila kuhisi. Jioni ana shoti 16. Sita zilizokosekana huwa ni za nyuso, kwa sababu shoti pana hupigwa kwanza. Korea, tangu sheria ya kikomo cha saa 52 kwa wiki ilipoanza kutumika kwa awamu mwaka 2018, shoti sita hizo haziwezi kurudishwa kwa kukesha. Zinaomba siku mpya na bajeti mpya.

Peke yako

Kuongoza peke yako nako kuna mifano ya zamani hukohuko Korea. Lee Myeong-woo alianza kama mpigapicha, na mwaka 1935 akaongoza Chunhyangjeon, filamu ya kwanza ya Kikorea yenye sauti, huku kaka yake Lee Pil-woo, mpigapicha pia, akishughulikia kurekodi sauti. Filamu yenyewe imepotea. Lee Hyung-pyo alipiga picha Seong Chunhyang ya Shin Sang-ok, ya rangi na skrini pana, iliyotoka 1961 na kuonyeshwa siku 74 mfululizo Seoul. Mwaka huohuo akaongoza filamu yake ya kwanza, na hakuchagua mandhari wala mavazi ya kifahari. Alichagua mtaa wa watu wa kawaida, na katikati yake mganga wa tiba za asili mkaidi anayeigizwa na Kim Seung-ho. Filamu ya kwanza kama hiyo, yenye watu wanaoongea na majirani wanaogombana, inamlazimisha mpigapicha kuongoza nyuso. Kama huna mwenza unayemwamini, fuata njia hii, na kamera mpe mtu mwingine.

Chagua hivi

Chukua Cold Eyes kama bajeti yako ni ndogo, unapiga mtaani, una watu chini ya 15 kwenye seti, au hujawahi kumwongoza mwigizaji. Chukua Ashfall kama tayari umeongoza kazi fupi mbili tatu, kama unafanya matangazo yenye skrini ya kijani, au kama shida yako kubwa ni kushindwa kumwachia mtu kamera.

Itazame mara ya kwanza kama mtazamaji wa kawaida, bila kalamu. Mara ya pili chagua dakika 10 tu (kwa Cold Eyes, treni mpaka mwisho wa mahojiano, kwa Ashfall, tetemeko la Gangnam) na uzime sauti. Hesabu shoti. Kwa kila moja andika maneno matatu: nani anatazama, anamtazama nani, kamera iko urefu gani. Mara ya tatu geuza kiti, usione picha, sikiliza tu dakika hizohizo 10. Kisha ichukue sini yako mwenyewe ya mwisho uliyopiga, uifanyie vilevile, na uweke karatasi mbili mezani. Palipo na shoti ambayo huwezi kuandika nani anatazama, ikate, uone kama kuna mtu ataiulizia.